Mboga Katika Marobota ya Mabua Mombasa: Dalili, Sababu na Tiba

Anayetaka kulima mboga uani katika kisiwa cha Mombasa hukuta jiwe la matumbawe kabla jembe halijazama shubiri moja, na aliye Kisauni au Likoni hukuta mchanga unaopitisha maji na mbolea bila kuvishika. Robota la mabua, yaani furushi la mabua makavu lililobanwa na kufungwa kamba, huwafaa wote wawili kwa kuwa lenyewe ndilo chungu na ndilo udongo: hulowekwa, hutiwa mbolea yenye nitrojeni, huanza kuoza kwa ndani, na mizizi ya mboga hujilisha katika uozo huo. Ila kwa sababu ni kitu kinachooza, maradhi yake si yale ya shamba la kawaida, na dalili inayojitokeza kwenye jani mara nyingi chanzo chake kimo tumboni mwa robota. Wengi wakiona manjano hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na chupa ya dawa ya wadudu, ilhali hakuna mdudu hata mmoja aliyehusika.

Izingatiwe pia kwamba miongozo mingi ya kilimo hiki imeandikiwa nchi za baridi, hasa Marekani, ambako shida kubwa ni kulipasha robota joto mapema ili msimu usipite. Kwetu joto lipo mwaka mzima, uozo huenda mbio, unyevu hukauka upesi, na maji yenyewe mara nyingi yana chumvi. Siku na vipimo vinavyotajwa katika miongozo hiyo vichukuliwe kuwa makadirio ya kuanzia tu.

Kabla ya kuulaumu mmea

Ukaguzi wa robota hauhitaji chombo cha bei. Penyeza mkono ndani kadiri utakavyoweza, uvute nje konzi ndogo ya mabua ya katikati, kisha uyaminye. Yakitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha. Yakitiririsha maji, ndani hakuna hewa. Yakiwa bado makavu na yanang'aa vile vile yalivyokuwa dukani, maji yako yote yamekuwa yakipita pembeni. Baada ya hapo nusa. Harufu ya udongo mbichi ni njema. Harufu ya yai viza ni ya kukosa hewa, na harufu kali inayochoma pua na macho ni ya amonia, yaani nitrojeni uliyoinunua inapeperuka kabla haijafanya kazi.

Kwa joto, chomeka kipande cha nondo hadi katikati ya robota, kiache dakika 10, ukichomoe na ukishike papo hapo kwenye ncha. Mwili wa binadamu una nyuzi 37 za selsiasi hivi, na kiwango hicho kiko karibu sana na kikomo tunachokitafuta. Nondo ikiwa vuguvugu, au usipohisi tofauti yoyote, mizizi itastahimili. Ikikulazimu kuihamisha kutoka kiganja kimoja hadi kingine, usipande. Mtu asingoje robota liwe baridi, kwa kuwa Mombasa halitakuwa baridi abadani.

Robota limegoma kupata joto

Robota lililolowekwa vyema na kutiwa mbolea hupanda joto katika siku chache za mwanzo, likaweza kufika nyuzi 50 na hata 60 katikati, kisha likashuka lenyewe. Kwa kawaida maandalizi yote huchukua siku 10 hadi 14. Ikiwa wiki nzima imepita na nondo inatoka ilivyoingia, sababu ya kwanza ya kushuku ni ukavu. Bua la ngano lina ngozi yenye nta, na robota lililobanwa kwa mashine hukataa maji mwanzoni: ndoo ikimwagwa kwa pupa, maji hutokea chini upesi, safi kabisa, na mwenye robota akadhani ameshalilowesha. Lisimamishe robota ili ncha zilizokatwa za mabua zielekee juu na kamba zizunguke ubavuni, toboa matundu kwa nondo, na umimine kidogo kidogo kwa muda wa saa nzima, ukirudia hivyo siku 3 mfululizo kabla ya kutia mbolea yoyote. Chupa za plastiki za lita moja na nusu, zilizotobolewa vifuniko na kuchomekwa kichwa chini, hufanya kazi hii kwa subira kuliko mtu.

Sababu ya pili ni uhaba wa nitrojeni. Mabua ya ngano yana takriban sehemu 80 za kaboni kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, na vijidudu vinavyoozesha huhitaji mlo wenye sehemu 25 hadi 30 tu za kaboni kwa moja ya nitrojeni. Bila kuongezewa, vijidudu hivyo hudumaa. Vipimo vya Kimarekani ni nusu kikombe cha urea kwa robota kila siku kwa siku 3, kisha robo kikombe kila siku kwa siku 3 nyingine, na kila mara mbolea izamishwe ndani kwa maji. Lakini marobota yao huwa mazito kuliko yetu, ambayo mengi hayazidi kilo 15, kwa hiyo theluthi ya kipimo hicho ipunguzwe bila wasiwasi. Urea ina nitrojeni asilimia 46. CAN, mbolea nyingine ya nitrojeni inayopatikana karibu kila duka la pembejeo, ina asilimia 26, hivyo anayetumia CAN atahitaji karibu maradufu kwa uzito. Mbolea isiachwe juu ya mabua bila kufuatishwa na maji: juani urea hugeuka amonia na kuruka, na ndiyo ile harufu inayochoma macho.

Wapo wanaopendelea samadi ya kuku, na ni chaguo zuri, ila ichunguzwe imetoka wapi. Samadi ya mabanda ya kuku wa nyama huja imechanganyika na maranda ya mbao, na maranda yana njaa ya nitrojeni kupita hata mabua. Mtu hutia gunia zima akidhani analisha robota, kumbe amelizidishia kinywa cha kulisha. Samadi ya kuku wa mayai waliofugwa kwenye vizimba, isiyo na maranda, ndiyo ya kutafuta, na iachwe ikomae kwanza.

Sababu ya tatu hutokea wakati wa masika, Aprili na Mei, mvua ikishinda siku kucha: robota hufurika, hewa hutoka, na uozo wa harufu mbaya huchukua nafasi. Linyanyue juu ya mawe mawili ili lichuruzike na uliezekee makuti kwa mshazari mpaka mvua ipungue. Ikiwa robota lilikaa nje ya duka misimu miwili na limekuwa jeusi na jepesi, basi huenda limeshaoza zamani na halitapata joto tena. Hilo si tatizo, lipande.

Miche imeungua siku chache baada ya kupandwa

Shina likiwa limenywea na kuwa la kahawia pale linapoingia katika robota, huku majani ya juu yangali mabichi, mizizi imepikwa. Robota lilikuwa bado katika joto lake, au liliwashwa upya kwa urea iliyotiwa baada ya kupanda. Ng'oa mche, fungua shimo, acha pumzi itoke siku 3 au 4, pima tena kwa nondo, kisha upande mche mwingine ukiuwekea konzi mbili za mboji shimoni ili mizizi ianze mahali penye upole. Mbegu zilizopandwa moja kwa moja huhitaji tabaka la mboji la unene wa sentimita 5 juu ya robota. Bila hilo, mbegu ndogo za mchicha na dania huporomoka katikati ya mabua na hazionekani tena. Gunia lililoloweshwa lifunike tabaka hilo hadi mbegu zichomoze, kwa sababu upepo wa kaskazi hukausha juu ya robota kati ya asubuhi na adhuhuri.

Majani ya manjano

Hapa ndipo makosa mengi ya tiba hufanyika, na kila kitu hutegemea ni majani gani yaliyoanza.

Yakianza yale ya chini, ya zamani, manjano yakienea jani zima pamoja na mishipa yake, na mmea umedumaa, basi ni njaa ya nitrojeni. Katika robota la mabua hili hutokea hata kwa aliyetia mbolea sawasawa, kwa maana vijidudu havikomi kula mmea ukishapandwa, na vikishindana na mzizi, mzizi hushindwa. Sukuma wiki na mchicha huonyesha dalili hii mapema kwa sababu ni mboga za majani na hula nitrojeni nyingi. Yeyusha kijiko kimoja cha mezani cha CAN katika lita 10 za maji, ugawie marobota mawili, mara moja kwa wiki, na utazame majani mapya badala ya yale ya zamani. Jani lililokwisha kugeuka manjano halirudi kijani, na anayelisubiri ataendelea kuongeza mbolea mpaka aunguze mmea. Robota la nyasi za malisho, ambalo ndilo rahisi zaidi kupatikana katika maduka ya vyakula vya mifugo hapa Pwani, lina nitrojeni zaidi kuliko mabua ya ngano au mpunga, hivyo njaa hii huwa nyepesi, ingawa robota lenyewe hubomoka mapema. Ni vyema kumuuliza muuzaji waziwazi kama anachouza ni nyasi au ni mabua, kwa sababu yote mawili dukani huitwa kwa jina moja.

Yakianza yale machanga ya kileleni, mishipa ikibaki kijani na sehemu zilizo kati yake zikipauka, nitrojeni haina hatia. Huo ni upungufu wa chuma, na chanzo chake cha kawaida kwetu ni maji. Visima vya kisiwani na vya ukanda wa matumbawe hutoa maji yenye chokaa nyingi, na chokaa hukifunga chuma kisichukuliwe na mzizi. Robota, tofauti na udongo, halina akiba ya madini ya kufidia. Mnyunyizio wa mbolea ya majani yenye chuma husaidia kwa haraka, na mboji ndani ya shimo la kupandia husaidia kwa kudumu. Jambo la kuepukwa kabisa ni jivu. Desturi ya kunyunyiza jivu la makaa ili kufukuza sisimizi ina faida yake shambani, lakini kwenye robota linalomwagiwa maji ya chokaa huzidisha tatizo lile lile.

Hali ya tatu si manjano hasa: ncha na kingo za majani hukauka na kuwa za kahawia, huku katikati ya jani kukibaki salama. Hiyo ni chumvi. Tazama ubavu wa robota upande unaopigwa na jua na pale kamba zinapobana: ukiona utando mweupe unaosagika ukiugusa kwa kucha, umepata ushahidi, kwani maji yamevukia hapo na kuiacha chumvi. Maji ya mikokoteni ni fumbo la peke yake. Ukiuliza, jibu ni kwamba yametoka mferejini, lakini mtungi wa lita 20 hausemi umejaziwa wapi. Onja kabla ya kulipa, na kama bustani yako ni kubwa, nunua kipimo kidogo cha kielektroniki cha chumvi katika maji.

Tiba ya chumvi ni kuisafisha kwa maji matamu: kila baada ya wiki 2 au 3, mimina taratibu maradufu ya kipimo chako cha kawaida mpaka yachuruzike chini kwa wingi, kisha urudishe mbolea kidogo, kwa sababu nitrojeni nayo huondoka na maji hayo. Mvua ndiyo msafishaji bora, na mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 50 ni karibu lita 1,000 kabla ya kuhesabu zinazopotea, kwa hiyo pipa chini ya mfereji wa paa hulipa gharama yake masika ya kwanza. Anayelazimika kutumia maji ya kisima chenye chumvi achague mboga kwa busara. Maharagwe, karoti na vitunguu hushindwa mapema. Spinachi inayouzwa katika masoko yetu ni ndugu wa karibu wa bitiruti, na zote mbili huvumilia chumvi kuliko mboga nyingi.

Majani yanajikunja na kujisokota

Majani machanga ya nyanya au maharagwe yakitoka membamba, yamejisokota kama ukambaa ulioachiwa ghafla, huku mashina yakipinda bila dalili ya wadudu chini ya jani, shuku kiuagugu. Aminopiralidi na pikloramu ni viuagugu vinavyopuliziwa malisho ili kuua magugu ya majani mapana. Nyasi haidhuriki, lakini dawa hubaki ndani yake kwa miezi mingi, hupita hata katika tumbo la ng'ombe na kufika kwenye samadi. Robota la aina hiyo halitibiki. Hakuna mbolea wala maji yatakayoliokoa kwa msimu huo, na mabaki yake yasitiwe kwenye mboji.

Kinga ni jaribio linaloweza kufanywa kabla ya kununua marobota mengi. Chukua konzi kadhaa za nyasi kutoka robota moja, zikatekate, uzichanganye na udongo wako katika makopo matatu, na makopo mengine matatu yawe ya udongo mtupu; panda maharagwe katika yote. Wiki 3 zinatosha. Maharagwe ya makopo ya nyasi yakijisokota na yale mengine yakinyooka, usirudi kwa muuzaji yule. Ikiwa yote yamejisokota, tatizo liko kwenye udongo au mbegu zako.

Kabla ya kuhukumu, pindua jani. Inzi weupe na virusi wanavyoeneza nao hukunja majani ya nyanya, lakini majani hayo hujikunja kuelekea juu na kupata ukingo wa manjano, na ukiutikisa mmea, inzi hao huruka wingu zima.

Mmea unanyauka

Kunyauka saa saba mchana na kusimama tena magharibi, hasa kati ya Januari na Machi, si ugonjwa. Jani kubwa la tango au biringani hupoteza maji mengi kuliko mzizi uwezavyo kuleta, na kivuli cha makuti yaliyotandazwa kwa nafasi au wavu wa kivuli upande wa magharibi huleta nafuu kubwa. Robota moja lenye mimea iliyokomaa huhitaji lita 4 hadi 8 kwa siku katika kipindi hicho, na ni bora zigawanywe asubuhi na jioni kuliko kumwagwa kwa mkupuo.

Kunyauka kusikopona usiku ni jambo jingine. Minya mabua ya katikati kwanza. Yakiwa makavu, rudi kwenye matundu ya nondo. Yakiwa yanatiririka na kunuka, mizizi imekosa hewa. Yakiwa na unyevu wa kutosha na mmea ni wa jamii ya nyanya, biringani au pilipili, kata shina karibu na chini na uning'inize kipande chake katika glasi ya maji safi bila kukitikisa. Nyuzi nyeupe za utelezi zikianza kushuka kutoka kwenye shina baada ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Wakulima hushangaa ugonjwa huu wa udongo umefikaje katika robota lisilo na udongo, na jibu huwa moja kati ya matatu: umeletwa na miche iliyooteshwa katika kitalu kichafu, umeletwa na udongo wa bustani uliotiwa juu ya robota, au mizizi imepenya chini na kufikia ardhi iliyoambukizwa. Ng'oa mmea pamoja na mabua yanayouzunguka, usiyatie mboji, na usafishe kisu kwa dawa ya kufulia nguo yenye klorini. Robota hilo lipandwe mchicha au bamia, ambazo ugonjwa huu hauzisumbui kama jamii ya nyanya, na lisiguswe kwa nyanya tena.

Maua mengi, matunda hakuna

Nyanya iliyojaa majani ya kijani kibichi na mashina manene, yenye maua machache, imelishwa nitrojeni kupita kiasi. Acha CAN kwa wiki kadhaa na utumie mbolea yenye potasiamu. Ikiwa maua ni mengi lakini hudondoka, sababu ni joto la usiku. Chavua ya nyanya huharibika mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukibaki juu ya nyuzi 21 hadi 24, na kuanzia Januari hadi Aprili usiku wa Mombasa hauna nafuu hiyo. Hakuna dawa ya tatizo hili isipokuwa kalenda. Miche ihamishiwe robotani mwishoni mwa Mei, ili maua yafunguke wakati wa kusi, Julai na Agosti, usiku ukishuka karibu na nyuzi 20. Miezi ya kaskazi waachiwe bamia, kunde, biringani na mchicha, walio wenyeji wa joto.

Tunda linalooza kitako, likawa na duara jeusi lililobonyea, halijaumwa na mdudu. Kalsiamu haikufika kwenye tunda kwa wakati, na mara nyingi si kwa kuwa haipo, maana maji yetu yamejaa chokaa, bali kwa kuwa umwagiliaji ulikuwa wa vipindi: siku mbili mfereji mkavu, siku ya tatu mafuriko. Chumvi huongezea. Usitie chokaa. Weka pipa la akiba na umwagilie kwa kipimo kilekile kila siku.

Uyoga, nyasi, mchwa na wengine

Uyoga wenye vikofia vinavyogeuka wino mweusi baada ya siku moja ni ishara kwamba uozo unaendelea vizuri. Uache au uufagie, ila usiliwe. Nyasi zinazochipua juu ya robota zikatwe kwa mkasi, kwa sababu ukizing'oa utafungua mabua na kuumiza mizizi ya mboga.

Mchwa ni jambo zito zaidi. Robota juu ya ardhi tupu ni karamu kwao, na huanza chini pasipoonekana, mpaka siku moja unaliegemea likabonyea upande mmoja. Liweke juu ya sakafu ya saruji au matofali ya mawe, likae mbali na ukuta, na ukague kila wiki kama kuna vijia vya udongo vinavyopanda kwenye mawe. Vivunje kila unapoviona. Karatasi ya plastiki iliyotandazwa chini bila matundu haiwazuii kwa muda mrefu na hulizamisha robota majini, huku mbu wakipata mahali pa kuzaliana. Sumu ya mchwa isitiwe katika kitu ambacho kesho kutwa utachuma mboga juu yake.

Kunguru hung'oa miche michanga kutafuta wadudu, wakichagua iliyopandwa asubuhi hiyo hiyo. Wavu mwepesi kwa siku 10 unatosha. Mbuzi hula mmea kisha hula na chungu chake, na dhidi yao hakuna ufundi zaidi ya uzio.

Robota linabomoka

Katika joto na unyevunyevu wa Pwani, robota la nyasi huanza kukaa chini mwezi wa tatu au wa nne, na kamba ya mkonge hukatika kabla ya hapo. Pitisha kamba ya nailoni ubavuni tangu siku ya kwanza, au ulibane kati ya matofali. Nguzo za nyanya zisichomekwe ndani ya robota, kwani hazitapata pa kushika. Zisimamishwe ardhini pembeni, na juu ya sakafu ya ghorofa pafungwe fremu ya fito inayojitegemea.

Aliye ghorofani Mji wa Kale ana hesabu mbili za ziada. Robota la kilo 15 likishiba maji hupita kwa urahisi kilo 40, kwa hiyo mstari wa marobota uwekwe juu ya ukuta unaobeba, si katikati ya dari ya zamani, na fundi aulizwe kwanza. La pili ni maji ya kahawia yanayochuruzika wiki za mwanzo, ambayo huacha mabaka juu ya chokaa nyeupe na juu ya nguo za jirani wa chini. Trei zenye mdomo wa kutolea maji huyakinga, na maji hayo yarudishwe robotani, kwa kuwa yana mbolea, isipokuwa siku za kusafisha chumvi.

Robota lililokwisha linaweza kubeba zao moja la mchicha au dania likiwa limelala chini. Baada ya hapo yatawanye mabaki kuzunguka mipapai au migomba, yasigusane na shina. Mtu mwenye pumu afunike pua anapoyafungua yakiwa makavu, maana vumbi la ukungu wake ni kali, ayaloweshe kwanza.